Sindano Iliyoingia Tupu

Siku yangu ya kwanza kazini, katika maabara ya hospitali moja ya Nachingwea, sikuiona hata darubini. Mkuu wa Maabara, mzee mfupi asiyekubali koti lenye kunyanzi, alinipa boksi la vioo na penseli, akaniambia niandike majina ya wagonjwa. "Damu utaizoea, binti," alisema. "Wewe ogopa kioo kisicho na jina." Nilinuna. Nilijiona nimesomea sayansi, kumbe nimeletwa kuandika majina.

Vioo vyenyewe ni vipande vyembamba vya kupakia sampuli. Daktari akitaka kujua uvimbe ni wa aina gani, huingiza sindano nyembamba na kuvuta seli kidogo. Sisi tulizipaka kwenye kioo, tukazihifadhi kwa spiriti na kuzituma kwa mtaalamu wa patholojia, yaani daktari anayesoma seli kwa darubini. Wilayani hatukuwa naye. Vioo vilisafiri mpaka hospitali ya rufaa, na majibu yakarudi baada ya wiki kadhaa.

Wiki hizo nusura zimuue Minza.

Wakati huo nilishahamishiwa Ruangwa. Minza alitokea Narung'ombe, kwenye familia za wafugaji waliohamia na ng'ombe wao kutoka Kanda ya Ziwa. Alikuwa na uvimbe kwenye titi la kushoto, mgumu, usiouma. Alichomwa, nikambania pamba damu ikakata, akapiga goti kushukuru. Mganga Mfawidhi, bosi wetu, alimwambia arudi kuchukua majibu. Akaitikia vizuri tu.

Majibu yakaja: saratani. Daktari wa upasuaji akasema mama huyu akiwahi, ana nafasi nzuri ya kupona. Minza haonekani. Namba ya simu aliyotuachia ilikuwa ya shemeji yake, na haikupatikana.

Asubuhi moja nafika kazini, namkuta Minza barazani, anacheka, amezungukwa na wanawake wenzake. Aliyeketi pembeni yake alikuwa Bi Somoe, mkulima wa korosho wa Likunja, ana uvimbe shingoni.

"Mayu, nimekuletea wenzangu," Minza alisema. Kwa Kisukuma mayu ni mama. "Uwachome na wao ile sindano iliyoniponya."

Nilimsogelea. "Nani amekwambia umepona?"

"Si nilichomwa? Vidonge ndiyo vinachelewa. Sindano haichelewi bhana, hata kulima nimelima."

"Na mie nichome, mwanangu," Bi Somoe akadakia. "Nimetoka mbali, usinirudishe hivi hivi."

Mganga Mfawidhi alikuwa amesimama mlangoni, mdomo wazi. "Lakini nilimwambia arudi kwa majibu!"

"Majibu ya nini tena, daktari," Minza alimjibu kwa upole, "na mtu ameshapona?"

Bosi wetu, mtu wa kufoka kwa jambo dogo, alivua miwani akakaa kwenye benchi la wagonjwa. Tangu azaliwe, kila sindano aliyochomwa mama huyu ilimwekea kitu: chanjo, dawa ya malaria, sindano ya uzazi. Tulimwambia arudi, lakini hakuna aliyemwambia kwamba hii haina dawa.

Nilimwingiza ndani peke yake, nikafungua bomba jipya la sindano na kumpa alishike. "Litazame. Lina nini?"

Alilivuta, akalisukuma, akalichungulia. "Halina kitu."

"Ndivyo lilivyoingia kwako. Lilikwenda kuchukua tu, tukapime."

"Hamkuniwekea dawa?"

"Hatukuweka."

Aliweka mkono kwenye titi. "Kwa hiyo ugonjwa bado umo."

"Umo, mama. Na majibu yamekuja." Mganga Mfawidhi akaingia kumweleza yaliyobaki. Minza hakulia. Aliendelea kulitazama lile bomba, nami nililia kwa niaba yake, jambo lisiloruhusiwa kazini.

Nimestaafu sasa, na watu bado wananiuliza kuhusu sindano hiyo. Huuma kama ya kutolewa damu. Kama unatumia dawa za kuyeyusha damu, sema mapema. Unaweza kuvilia damu kidogo pale ulipochomwa, na seli zikiwa chache utachomwa tena, wala haina maana kwamba unakufa. Na usiende nyumbani bila kujua majibu yatakufikiaje. Ninyi vijana mnaoingia maabara, yasemeni haya kabla ya kuchoma, halafu mwombeni mgonjwa ayarudie kwa mdomo wake. Kuitikia si kuelewa.

Minza yuko hai, yuko Narung'ombe na ng'ombe wake. Siku ya upasuaji nilimsindikiza. Muuguzi alipomsogelea na sindano ya usingizi, Minza alimshika mkono akauzuia hewani.

"Subiri kwanza, mwanangu," alisema. "Hii inaweka au inatoa?"

Muuguzi alinigeukia. Nikamwambia amjibu mgonjwa.