Herufi Iliyofungwa Zizini

Mimi simwelewi mtu anayekaa siku tatu akichora herufi moja. Nina stationari hapa Katesh, na kompyuta yangu ina herufi za kila namna. Mteja akitaka bango nabonyeza, linatoka, anaondoka. Jirani yangu Imakulata Akonaay hana kompyuta. Ana makopo ya rangi ya mafuta, vipande vya sponji ya godoro, chanuo bovu, magunzi ya mahindi, na ukaidi wa kutosha kata nzima.

Ni binti wa wakulima wa Mbulu, kule juu kwenye baridi. Alikuja hapa miaka kumi na moja iliyopita kuandika mabango ya maduka, na angeandika kama wenzake wanavyoandika, leo angekuwa mbali. Lakini yeye lazima ndani ya herufi kuwe na kitu. Bango la fundi cherehani aliliandika kwa herufi zilizosukwa kama kikapu, watu wakawa wanaingia kuulizia bei ya vikapu. Kigangoni kwetu alichora jina la kigango kwa herufi zilizojaa punje za mahindi, punje moja moja, mpaka kuku wa katekista wakawa wanaruka kudonoa ukuta. Katekista alimwomba kwa upole apake chokaa juu yake. Nilicheka hadi nikakohoa.

Kisha akaanza ng'ombe. Kila siku ya mnada alikaa kwenye uzio na daftari lake, akiiga ngozi za ng'ombe: madoa, mistari, mabaka. Akirudi kibandani alizigeuza kuwa herufi. Kwa gunzi alichora manyoya, kwa chanuo akayalaza yaelekee upande mmoja, na pale yanapozunguka kwenye bega aliyazungusha kwa kidole. Siku moja niligusa A yake nikajikuta natafuta kupe. Sikumwambia kwamba ilikuwa nzuri. Wateja wangu wa mabango walishaanza kupungua.

Alipokamilisha herufi ishirini na nne, Nicodemo mwenye bucha alimwagiza bango lenye neno moja tu, NYAMA, kila herufi kwenye ubao wake. Likatundikwa Jumatatu. Siku ya mnada, wafugaji wa bondeni wakapita, wakasimama. Hakuna aliyeingia kununua. Walikuwa wanaongea na bango.

"Huyu wa mwisho si ni yule wa Patriki wa Dirma?"

"Ndiye. Amenenepa."

Mzee Gidahoda wa Getanuwas alikuwa nao. Hakusoma shule, lakini lile bango alilisoma kuliko sisi wote. Aliweka mkono kwenye M, nyekundu yenye mkanda mweupe tumboni na baka jeusi begani.

"Huyu ng'ombe ni wangu," alisema. "Mama yake ninamjua, bibi yake ninamjua. Aliibiwa mwaka jana. Nani amemleta hapa?"

Imakulata akaitwa, akaja na brashi mkononi. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Ulimwona wapi ng'ombe wangu?"

"Sijamwona, mzee. Hizi zingine nimeiga mnadani. Hii moja nimetunga mwenyewe, kichwani."

Wafugaji wakatazamana. Mzee akasema kwa sauti ya kumhurumia, "Binti, ngozi ya ng'ombe haitungwi."

Kesi ikapelekwa kwa Yohanes, mwenyekiti wa wachuuzi wa ng'ombe, mtu anayependa utaratibu hata pale usipohitajika. Aliuliza kama kuna mtu amewahi kumwona Imakulata akikaa na wezi wa mifugo. Nami, Evarist, mtu mzima mwenye stationari, nikajibu bila kuulizwa mara ya pili: "Wezi sijui, ila mnadani anakaaga sana." Nilisema kweli, na nilijua inavyosikika. Mpaka leo naona aibu.

Yohanes akaamua kwamba, kwa kuwa mnyama anagombewa, awekwe kwenye zizi la mifugo iliyopotea hadi mwenyewe ajulikane. Wakaing'oa M ukutani wakaifunga kamba kwenye nguzo, kati ya mbuzi wawili na punda kilema. Abel, mlinzi wa zizi, alipewa maagizo kwamba kila kilichomo kipewe majani na maji, basi akaitekea M ndoo ya maji kila asubuhi. Bucha ya Nicodemo ikabaki na pengo katikati ya bango.

Imakulata akapewa wiki moja. Amtaje aliyekuwa na yule ng'ombe, la sivyo apelekwe polisi, na herufi zake zote zikwanguliwe.

Nilimfuata kibandani. "Dada, sema tu ulimwona huyo ng'ombe akipita. Na mtu usiyemjua, anaenda Singida. Yataisha."

"Evarist, herufi ishirini na tatu ni za ng'ombe wa watu," alisema. "Hii ndiyo yangu. Nikisema niliiona, nimebaki na nini?"

Nilirudi dukani nikatoa kopi za watu kwa hasira.

Wiki ilipoisha, Mzee Gidahoda mwenyewe ndiye aliyetoa njia. Kama anaweza kutunga ng'ombe, basi atunge mwingine hadharani, ambaye hakuna aliyewahi kumwona. Wafugaji wote waje. Akitambuliwa na yeyote, binti ni mwongo. Yohanes akafurahi sana, akaongeza kanuni: anayetambua ataje mwenye ng'ombe na mama wa ng'ombe. Apewe nafasi nne, akasema, maana hata shule wanarudia mtihani.

Walikuja kutoka Dirma, kutoka Getanuwas, na wengine ambao hawakuwa na ng'ombe hata mmoja. Imakulata akasimama mbele ya mbao nne nyeupe. Ya kwanza akachora kahawia yenye paji jeupe. Haijakauka, mtu akapaza sauti: "Wa Sara! Mama yake alivunjika mguu kisimani." Ya pili akatia madoa mekundu kama mvua. "Wa shemeji yangu, mama yake ana pembe moja." Ya tatu akachanganya ngozi za herufi tatu kwa pamoja, na hapo nikapumua, maana ng'ombe wa namna ile hata mimi nilijua hayupo. Bibi Bernadina, mfugaji wa zamani, akainuka polepole kwenye kigoda chake.

"Huyu alikuwa wangu, alikufa mwaka ule wa njaa," alisema. "Nilimkamua mwenyewe. Mama yake alikuwa mweusi." Akaanza kulia, na watu wakampa pole ya msiba.

Ukabaki ubao mmoja. Imakulata alichovya brashi upya. Rangi ilimdondokea miguuni. Akafumba macho kidogo. Alikuja kuniambia baadaye kwamba aliacha kabisa kufikiria ng'ombe, akafikiria shamba la mama yake Mbulu lilivyo ukilitazama kutoka juu: kipande cha maharage, kipande kilicholimwa, njia, ukungu. Akachora I, herufi ya jina lake. Kijivu, vipande vyeusi vyenye kingo, mstari mwembamba kupita katikati, na matone matatu meupe karibu na shingo. Akalaza manyoya kwa gunzi. Akaweka chini brashi.

Watu wakasogea. Yohanes akauliza mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Hakuna aliyemtambua. Bibi Bernadina akatikisa kichwa. Mzee Gidahoda akaizunguka I, akachungulia nyuma, akakuta ubao mtupu.

"Ng'ombe gani hana upande wa pili?" alinung'unika. Lakini alikuwa mtu wa haki, akasema wote wasikie, "Huyu simjui. Binti amenishinda." Kisha, taratibu: "Hajaniridhisha."

M ikafunguliwa zizini, na Abel akadai ilikuwa imeanza kumzoea. Imakulata akairudisha kwa Nicodemo. Ile I akaitundika kwenye kibanda chake, na mimi nikamwambia, kwa mara ya kwanza, kwamba ni nzuri. Alinitazama kama anayetafuta utani ulipo.

Mwaka ukapita. Asubuhi moja nikiwa napiga picha za pasipoti, nikaona watu wanakimbilia kibanda cha jirani. Mzee Gidahoda alikuwa amesimama mlangoni, vumbi hadi magotini, ameshika kamba, na kwenye kamba kulikuwa na ndama jike. Kijivu. Vipande vyeusi vyenye kingo, mstari mwembamba, matone matatu meupe shingoni. Niliangalia ubao, nikamwangalia ndama, nikaangalia ubao tena.

"Binti," alisema mzee, "nimekuletea ng'ombe wako. Amezaliwa kwangu, lakini mimi sikumtunga."

Imakulata alipiga magoti, akayagusa yale matone matatu kwa kidole, moja moja. Machozi yalimtoka na hakuyafuta.

"Upande huu ni wako," mzee akaendelea, "ulimchora mbele ya watu. Upande wa pili hukuuchora. Huo ni wangu."

Akamgeuza ndama. Upande wa pili ulikuwa mwekundu, una mkanda mweupe tumboni na baka jeusi begani. Ni ile M, nywele kwa nywele. Mzee aliweka mkono pale, kama alivyouweka siku ile kwenye bango. "Mama yake ni dada wa yule aliyeibiwa," alisema. "Nimemngoja sana huyu."

Nilimtazama Imakulata. Nilijua atakachosema. Ile ngozi ya M aliipigania hadi karibu afungwe: ni yake, ameitunga kichwani, watu wote wa mnada ni mashahidi. Kwa haki ya mzee mwenyewe, kwamba aliyetunga ndiye mwenye mali, ndama mzima alikuwa wake. Nikajiandaa kutoa ushahidi, safari hii upande wake.

Alimtazama mzee, na ule mkono.

"Ndiyo, mzee," alisema. "Huo ni wako."

Kisha akaniomba kiti, mzee apumzike.