Majani ya Kashata

Bi Hamdiya hanunui maziwa bila kuyanusa, na akishayanusa humrudishia muuzaji ayanuse naye. Mimi ni mpangaji wake hapa Kurasini, mwaka wa sita huu, na hadi leo nikimpelekea chapati hukata kipande akanipa nile kwanza. Mtaa mzima unaijua tabia hiyo. Sikasiriki tena. Natafuna, naye ananitazama koo.

Kiumbe pekee ambaye Bi Hamdiya hamshuku ni Kashata, paka aliyeokotwa na marehemu mumewe, Mzee Matar, mwezi mmoja kabla hajafariki. "Huyu ndiye aliyenibakia," husema, na ukimcheka paka umemcheka marehemu.

Jirani yetu Yustina, mama wa Kimakonde, alikuwa akipanda saladi kwenye viroba nyuma ya ukuta wetu na kuwauzia wakaanga chipsi. Kila asubuhi Kashata aliruka ukuta akatafune jani moja mawili. Bi Hamdiya alipogundua, moyo wake haukutulia.

"Yule anapulizia madawa," aliniambia. "Hujaiona ile chupa ya bluu?"

Niliiona. Ilikuwa ya sabuni ya maji. Lakini nani wa kumwambia?

Basi akamfungia paka ndani. Kashata alipolilia majani yake, akaanza kumlisha ya nyumbani, aliyoyaamini. Sasa, Bi Hamdiya hali wali bila kachumbari, na kachumbari yake huitandikia majani ya saladi sinia zima. Yale majani ya chini, yaliyolowa maji ya vitunguu na vitunguu vyenyewe vimeyagandia, aliyakatakata akayachanganya na dagaa. Siku nane mfululizo. Paka alifuata dagaa, akala vyote.

Siku ya tisa Kashata hakuinuka. Fizi zilikuwa nyeupe, mkojo una rangi ya chai bila maziwa. Bi Hamdiya alitoka mbio hadi ukutani, mtandio begani.

"Yustina! Umeniulia paka wangu! Mie nilishajua, majani yako yana sumu ya polepole!"

Mtaa ulisikia, na wakaanga chipsi walisikia. Yustina alisimama na kopo lake la kumwagilia. Na mimi, nakiri kwa aibu, nilianza kumtazama kwa jicho la pembeni. Shaka ya Bi Hamdiya huambukiza kama mafua.

Daktari wa mifugo alipofika aliuliza paka amekula nini. Bi Hamdiya akataja saladi ya Yustina, na ile chupa.

"Saladi tupu iliyooshwa haimdhuru paka, akitafuna kidogo," daktari alisema huku akimfunua kinywa. "Huyu ameishiwa damu, mama. Kitunguu ni sumu kwa paka; nani amempa?"

Bi Hamdiya alinitazama mimi kwanza. Mazoea yana taabu. Kisha akalitazama sinia.

"Mie," akasema, akakaa chini. "Kwa mkono wangu mwenyewe."

Kashata alichomwa sindano, akalishwa kwa kijiko wiki nzima, akapona. Siku aliyosimama, Bi Hamdiya alipika chapati akanishika mkono twende kwa Yustina kuomba radhi.

Viroba vyote vilikuwa vitupu.

"Nimeng'oa, mama," Yustina alisema. "Nani atanunua saladi ya sumu?"

Bi Hamdiya alimuomba radhi kwa machozi, akamkabidhi sahani. Yustina aliipokea kwa mikono miwili. Akaitazama chapati ya juu, akakata kipande, akampa Bi Hamdiya ale kwanza.