Pampu Nzima ya Kwenye Faili

Nilipopewa umeneja wa ofisi yetu ndogo ya maji pale Garsen, nilifika na msimamo mkali: sitasaini ripoti ya kijiji ambacho hakijatembelewa. Wafanyakazi wangu wanne walinisikiliza kwa adabu, kama watu wanaomsubiri mgeni achoke.

"Sawa, bosi," akasema afisa wa nyanjani, mtu ambaye viatu vyake havikuwa na hata chembe ya vumbi. "Ila hapa barabara ikiharibika, huwa tunatembelea kwa kalamu."

Hakuna aliyenitisha. Waliniletea chai ya maziwa mazito kutoka Minjila, wakanisimulia jinsi meneja aliyenitangulia alivyokuwa mtu wa watu. Nami nikatamani kuwa mtu wa watu. Mwezi wa tatu mvua ilikata barabara, makao makuu wakadai ripoti za vijiji vyetu tisa, nikasaini zote kabla chai haijapoa.

Wiki iliyofuata akaingia mama mmoja mkulima wa kijiji cha Wema, mwenyekiti wa kamati ya maji ya huko, tope hadi magotini. Alitaka kujua fundi atakuja lini. Nikafungua faili, nikamsomea: pampu inafanya kazi vizuri. Chini yake, sahihi yangu.

"Pampu gani hiyo, mwanangu? Yetu imekufa tangu tulipopanda mpunga. Tunakunywa mto."

Nilimgeukia afisa wangu. Lawama ilikuwa imeshafika mdomoni. Yeye akaitazama sahihi, kisha akanitazama mimi.

"Nilisaini bila kufika, mama," nikasema.

"Basi twende ufike."

Tulipanda pikipiki mpaka ikakwama, tukaendelea kwa miguu, yeye mbele, mimi nyuma na viatu mkononi. Nilisukuma mpini wa pampu mpaka shati likalowa. Ikacheua, ikanyamaza.

Niliandika ripoti mpya, nikakiri kwamba ile ya kwanza ilikuwa uongo wangu. Makao makuu wakanipa barua ya onyo, si kwa uongo, bali kwa kuwavurugia takwimu. Fundi walimtuma, hata hivyo, na Wema wakapata maji.

Ofisini nilinuniwa siku nyingi. Kisha asubuhi moja afisa wa nyanjani akaja kuomba mafuta ya pikipiki, aende Kilelengwani, kijiji kingine cha zile ripoti tisa.

"Kufanya nini?"

"Kuangalia tu, bosi," akajibu kwa sauti ya chini, kama mtu anayekiri kosa.

Nilimpa upesi, kabla wenzake hawajamcheka.