Vestina Haoshi Mtoto wa Mtu

Rosemary aliondoka Njombe Jumapili moja ya Februari 1992, amebebwa mgongoni na shangazi yake. Alikuwa na miaka minne.

Siku iliyotangulia, mama yake, Vestina Mtewele, alimwachia jagi la mtogwa, ulanzi, utomvu wa mianzi, uliogemwa alfajiri, mtamu, ambao hata watoto hunywa. Akaenda kilabuni kunywa. Alisema atarudi mchana, akarudi jioni.

Mtogwa hausubiri jioni. Kufikia alasiri ulikuwa umeshakuwa pombe, na mtoto mwenye njaa aliumaliza. Wifi yake Vestina, Ema, dada wa marehemu mumewe, alikuwa amekuja kusalimia kutoka Ludewa. Ndiye aliyemkuta mtoto mlangoni, haamki. Alikesha naye zahanati, na asubuhi akapanda naye basi.

“Sikuwafuata stendi,” anasema Vestina. “Nilikuwa bado nanuka.”

Sasa ni Mei 1997, saa moja kasoro asubuhi, Makambako. Vestina amekaa kwenye kigoda jikoni kwa Fidelis, mgane aliyepunguzwa kazini miaka mitatu iliyopita. Moshi umejaa. Fidelis anapuliza kuni mbichi, machozi yanamtoka.

“Kamwene, dada,” anamsalimia kwa Kibena. “Hata kuni hunisaidii?”

“Kuni ni zako, baba Skola. Na mtoto ni wako.”

Fidelis anacheka, anamwambia binti yake kwamba parokia imewaletea mgeni wa kuchunga moto usitoroke. Uji unaiva, una mabonge. Vestina hasemi kitu kuhusu mabonge.

Hiyo ndiyo kazi yake. Kwa mpango mdogo wa parokia, yeye na wenzake watatu huwatembelea nyumbani wazazi walioelemewa na pombe ili wajifunze upya kulea. Ana kaya kumi na moja, Njombe na Makambako, na hufika kabla vilabu havijafunguliwa. Hapiki wala haoshi. Mwezi wake wa kwanza kazini alifanya yote hayo kwa mama mmoja wa Njombe, na mama yule akazoea kumngoja.

Skola ana miaka tisa, umri wa Rosemary. Amemaliza uji. Anachukua kitana, anampita baba yake, anakaa chini mbele ya Vestina na kumpa mgongo.

Vestina anakitazama kile kichwa kwa muda. Kisha anasema taratibu, “Mpelekee baba.”

Fidelis anachana vibaya, mtoto anapiga kelele, baba anaomba radhi, anaanza upya kutoka nchani. Vestina ametazama nje.

“Mikono iliniuma,” anakiri baadaye, njiani kuelekea stendi.

Hajanywa tangu Juni 1993. Ameshakwenda Ludewa mara nne. Rosemary humwamkia vizuri, “Shikamoo, mama wa Njombe,” kisha hurudi kukaa karibu na Ema, anayemwita mama tu. Ema hana maneno makali. Alishamwambia Vestina kwamba hamnyimi mtoto wake, ila hatamlazimisha mtoto.

Pasaka iliyopita Vestina alijipa moyo akamwuliza binti mwenyewe kama angependa kuja nyumbani likizo.

“Akaniambia, ‘Ngoja nimwulize mama,’” anasema. “Nikasema sawa, mwulize.”

Anachotaka si kikubwa. Hazungumzii tena kumrudisha. Anataka siku moja amwogeshe kabla hajawa mkubwa wa kuona aibu, na anajua miaka tisa imekaribia kumpita.

Barua ya Ema ilifika wiki iliyopita. Rosemary amekubali kuja kwa siku tatu katika likizo ya Juni, mradi shangazi aje naye. Vestina ameomba ruhusa parokiani. Kwa Fidelis atakwenda mwenzake, Kasimiri.

Nyumba yake ina kitanda kimoja. Rosemary na Ema watalala hapo, na Vestina atatandika mkeka jikoni.