Mikono Nyuma

Matonya hakujua kusoma, na wajukuu wa kijiji chetu hulitaja jambo hilo kama aibu. Mimi niliyejifunza kusoma peke yangu ukubwani, kwa karatasi za kufungia sukari, maana shule ilinifundisha woga tu, nasema aibu ni yao. Watoto wote wa rika langu pale Hombolo tulifundishwa hesabu na mikono ya Matonya. Ng'ombe wakiingia zizini, alisimama mlangoni, akakunja vidole hivi au vile bila kusema neno, nasi tukatamka idadi. Ndiyo ilikuwa desturi: mwenye mali hataji idadi kwa mdomo, yeye huonyesha, mwenzake hutamka. Aliyekosea alichekwa, akarudia. Hakupigwa. Leo hakuna hata mtoto mmoja anayeijua mikono ile.

Reli ilipofika Dodoma, Wajerumani waliwaamuru majumbe wapeleke watoto shuleni huko mjini. Matonya alimtoa mwanawe wa pekee, Ndahani, nami nikatolewa pamoja naye. Mwalimu wetu alikuwa Mbaruku, kijana aliyeletwa kutoka pwani, kanzu nyeupe na bakora mkononi. Alikuwa na ufundishaji mpya uliompendeza bwana wake Mzungu: hesabu za kichwa. Vidole, alisema, ni vya nyani.

Siku moja alimwuliza Ndahani, "Saba na sita?"

Ndahani alikunja vidole, akainua mikono, akangoja mwalimu atamke, kama tulivyozoea.

"Unanionyesha nini? Mimi ndiye mwanafunzi wako?" Mbaruku akauliza. Darasa likacheka. Hilo ndilo lililomchoma mwalimu. "Mikono nyuma!"

Siku hiyo walikuwa wamechinja ng'ombe bomani. Mbaruku akaagiza ukanda wa ngozi, ukaletwa bado unatoka maji, akamfunga nao.

"Mwalimu, ngozi hii mbichi," Ndahani akasema.

"Nimekuuliza ngozi? Saba na sita!"

"Itakauka, Mwalimu."

"Na wewe utakauka. Kasimame juani mpaka jibu litoke kichwani."

Kisha treni ikapiga honi, imeleta mkubwa fulani, na Mbaruku akakimbilia stesheni kumsalimu. Hakurudi mpaka jioni. Askari alisimama mlangoni, hakuna aliyethubutu kutoka. Ngozi mbichi ikipata jua hujikaza. Mchunga mbuzi yeyote anajua. Ndahani alilia mpaka sauti ikamkauka.

Alipona, lakini vidole vyote vilijikunja kama kucha za kuku, havikushika tena kijiko wala fimbo ya kuchungia. Matonya alikwenda bomani kushitaki. Akalazwa chini, akachapwa viboko. Alipoinuka hakumlaani mtu. Alihamisha mji wake upande wa Bahi, na tangu hapo kila alipochinja alikata ukanda mmoja wa ngozi, akauloweka ndani ya chungu. Ukioza aliutupa, akaloweka mwingine.

"Baba Ndahani, unamwekea nani?" mkewe Loisi alimwuliza.

"Mgeni."

Vita vilipofika Dodoma, baadhi ya Wajerumani walikimbilia magharibi kupitia Bahi, na watu wao nyuma yao. Ilikuwa kiangazi. Mimi nilikuwa kwa Matonya, nikiwachungia ng'ombe, maana Ndahani hakuweza. Mchana mmoja mtu akaja akipepesuka, kanzu imechanika, midomo imepasuka.

"Mbukwa, baba," akasema. Miaka ile yote shuleni alitukataza salamu yetu; leo aliikumbuka.

"Mbukwa, Mwalimu," Matonya akajibu. "Karibu."

Mbaruku hakumjua. "Maji, baba. Kwa jina la Mungu."

"Kwetu mgeni hanyimwi maji." Matonya akaweka kibuyu chini mbele yake, kimejaa. Kisha akatoa ukanda chunguni. "Mikono nyuma."

Hapo Mbaruku alimwona Ndahani ameketi kizingitini, akaiona mikono yake. Angeweza kukimbia, lakini kiu ilimshinda. Akaweka mikono nyuma, akafungwa.

"Sasa kunywa," Matonya akasema. "Tumia kichwa."

Alipiga magoti, akaking'ata kibuyu shingoni. Kikaanguka, mchanga ukanywa kabla yake. Akalamba tope. Jua lilikuwa utosini, na ukanda ukaanza kujivuta. "Ndahani, mwanangu," akalia, "nifungue!"

Matonya alimtazama mwanawe. "Ukimhurumia, mfungue. Sitakuzuia."

Ndahani aliinuka. Wallahi alijaribu, moyo wake ulikuwa mwema kuliko wetu. Kucha zile za kuku zilikwaruza fundo, zikateleza, zikakwaruza tena. Akajaribu meno mpaka jua likapinda; ngozi ilikwisha kuwa ngumu kama mti. Akakaa chini, akalia pamoja naye.

Kisha Mbaruku akanigeukia mimi. Vidole vyangu vilikuwa vizima vyote, na kisu kilikuwa kiunoni. Wahubiri hunitaka nitubu dhambi ya siku ile. Nawajibu hivi: mwalimu wangu alinitazama, nami, kama alivyonifundisha, nikaweka mikono nyuma.