Vijinzi vya chumba cha mama

Leo nimeua vijinzi mpaka nikaogopa.

Mwawajua wale wadogo wadogo wa matunda? Basi hao.
Nimewatega kwa kikombe cha siki na sabuni. Wamejaa, wamekufa, wamekuja wengine.
Na humu ndani hakuna tunda hata moja!

Nikawafuata kwa macho. Wanatoka chini ya mlango wa chumba cha mama.
Hatujakifungua tangu tulipomzika, na arobaini bado.

Baba yuko barazani. "Mwanangu, usiingie humo."

Nimeingia.

Uvunguni mna chungu. Kimefunikwa kwa leso ya mama, fundo ni lile lake. Wallahi nimelifungua.
Ndani ni maembe aliyoyavumbika yaive. Yamekuwa maji meusi.

"Baba, kumbe ulijua?"

"Nilijua. Mamako akivumbika yeye, hufunua yeye. Siku ile twaenda hospitali alinisisitiza: msifunue mpaka nirudi."

Nimekifunga tena, nikakirudisha uvunguni. Siki nimeimwaga.

Naandika hapa, wanatua kwenye simu.

Mngekuwa nyinyi, mngekitoa?