Taa ya Kibarazani kwa Mama Kunegunda

Siku niliyomwona kwanza Mama Kunegunda alikuwa amebeba ngazi kichwani. Nilikuwa nimemwambia kwenye simu kwamba kazi yake ni ndogo, ila ngazi yangu imevunjika. Akasema njoo tu. Nilipokuwa napandisha njia ya mtaa wa Bombambili na begi langu la vifaa, nikamwona mwanamke mfupi, wa miaka sabini hivi, anakuja na ngazi ya mbao, ameishika kwa mkono mmoja kama mtu aliyebeba mzigo wa kuni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe ndiye fundi usiye na ngazi?"

Nikasema ndiyo. Nikataka kumpokea, akakataa. "Umechelewa, imeshazoea kichwa changu. Wewe fuata nyuma, na begi lako hilo usiniombe nikusaidie."

Ngazi ilikuwa ya jirani yake, Mzee Bakili, fundi cherehani. Tulipofika nyumbani akaitua mwenyewe, akaisimamisha ukutani, ndipo akanionyesha kibaraza. Pale alikuwa ameketi mumewe, Mzee Thadeo, amevaa shati jeupe limefungwa mpaka kifungo cha shingoni. Nikamsalimia. Akanitazama sana.

"Umekuja kutumikia misa?" akaniuliza.

Mama Kunegunda akanijibia. "Huyu amekuja kutuwekea taa, Baba Asumpta."

"Ziko nyingi," alisema mzee. "Mimi mwenyewe huwa nazizima."

Mzee Thadeo alikuwa sakristani kwa miaka thelathini na moja. Alfajiri alifungua kanisa, aliwasha taa, alitandika altare, na misa ikiisha alizunguka akizima taa moja baada ya nyingine, kisha alifunga. Mama Kunegunda alimkuta kwenye kazi hiyo. Yeye alizaliwa kijijini Mpitimbi, akaja mjini akiwa binti kupika kwenye nyumba ya mapadre, na alinisimulia kwamba alimpenda mumewe kwa sababu ndiye mtu pekee aliyekuwa anarudisha vikombe jikoni mwenyewe. Walizaa watoto watatu. Wawili walifariki wadogo, akabaki Asumpta, ambaye ni mwalimu Dodoma.

Sasa mzee alikuwa amepoteza kumbukumbu. Alikuwa anatoka getini na kwenda, na ukimuuliza anakwenda wapi anakutajia watu waliokwisha kufa. Mara mbili alipatikana mbali. Asumpta alitaka mama yake aache shamba la Mpitimbi akae nyumbani, mama akasema bila lile shamba watakula nini. Binti akatuma kamera.

"Mfungie mlango basi," nilisema, maana wengi hufanya hivyo.

"Nilimfungia mara moja. Alipiga ule mlango mpaka mikono ikavimba. Simfungii tena."

Kamera yenyewe ilikuwa mojawapo ya zile za bei ndogo zenye umbo la balbu, ambazo unazizungusha kwenye holda ya taa na kuweka laini ya simu ndani yake. Holda ya kibarazani ilikuwa ya pini, kwa hiyo niliifungua nikaweka ya kuzungusha. Nikaweka laini na memori kadi, nikapanda ngazi, nikaifunga, nikageuza jicho lake litazame kibaraza na geti. Kisha tukakaa kwenye mkeka tukaiunganisha na simu yake. Ilipoonyesha picha, Mama Kunegunda alijiona ameketi mkekani anatazama simu. Akapanga kitenge chake vizuri kabla ya kusema lolote.

Nikamwonyesha pa kubonyeza ili sauti yake itokee kule kwenye taa. Akaenda nyuma ya nyumba kujaribu. "Baba Asumpta," taa ikaita, "unanisikia?"

Mzee akainua kichwa akatafuta darini. "Kunegunda, shuka. Utavunjika mguu."

Mama alirudi anacheka, anafuta macho kwa ncha ya kitenge.

Wakati nakusanya vifaa niliona jambo. Mzee aliinuka, akaingia ndani, akapita kila chumba akizima swichi zilizokuwa zimewashwa, kwa utaratibu kabisa. Alipofika kwenye swichi ya kibarazani, iliyoko nyuma ya mlango, akaizima nayo. Kamera ile haina betri. Ukizima swichi, imekufa.

Dawa yake naijua. Ni kufungua swichi na kuunganisha nyaya mbili kwa nyuma, ili hata ukiizima umeme uendelee kupita. Ni kazi ya dakika kumi. Lakini mzee alikuwa amesimama pale pale karibu yangu, na niliona aibu kusema mbele yake kwamba nataka kuiua swichi kwa sababu yake. Nikaiwasha, nikabandika solotepu nyeusi juu yake, nikamnong'oneza mama kwamba hii isiguswe. Akanishukuru. Akanifungia ndizi kwenye gazeti.

Wiki zilizofuata alinipigia mara kadhaa, na kila mara alianza kwa kuniuliza kama nimekula. Alikuwa anakwenda Mpitimbi Jumanne na Alhamisi kwa gari la asubuhi. Akiwa shambani aliweka simu kwenye kifua cha gauni, na wanawake wenzake walimtania kwamba amepata mchumba uzeeni, maana hapigi majembe mawili kabla hajaitoa. Mzee akisogea getini, alimwita kupitia taa, na mara nyingi alirudi kukaa. Asiporudi, alimpigia Mzee Bakili, naye alitoka na futi ya kupimia ikiwa shingoni, akamwambia, "Thadeo, njoo nikupime kanzu ya padre," wakarudi wameshikana mikono. Bakili ni Mwislamu, na alisema katika maisha yake hajawahi kushona kanzu nyingi za padre hivyo bila kukata kitambaa.

Mara mbili picha ilipotea kwa sababu mzee alibandua ile solotepu. Mara zote mama alikuwa nyumbani. Nikamwelekeza kwenye simu awashe swichi na kubandika upya. Mara ya pili nikamwambia, "Jumamosi nakuja mama, nitaiunganisha kwa nyuma, hatutasumbuka tena." Jumamosi ile nilipata kazi ya kutandaza nyaya kwenye nyumba mpya Namtumbo. Nikaenda huko, sikumwambia.

Jumanne, mwezi wa kwanza, mvua ikiwa imeshika, nilikuwa bado Namtumbo, juu ya boriti, simu ikalia.

"Fundi, umekula?"

"Bado mama. Shikamoo."

"Marahaba. Picha haipo. Inazunguka tu, halafu inaandika maneno."

Kwetu hapa picha ikipotea, simu ikigoma, redio ikinyamaza, jambo la kwanza mtu analosema ni moja, na mimi nilisema hilo hilo. "Umeme umekatika, mama. Na mvua hizi. Utarudi tu."

"Ni umeme?"

"Ni umeme."

"Haya mwanangu. Shuka ukale."

Sikumuuliza kuhusu swichi. Sikumwambia ampigie Bakili. Nilirudisha simu mfukoni nikaendelea kugonga misumari.

Alirudi mjini saa kumi jioni, akakuta kiti cha kibarazani kitupu. Akanipigia mimi baada ya Bakili. Nilichukua bodaboda kutoka Namtumbo, nikafika nimelowa, majirani wameshatawanyika kumtafuta. Nyumba ilikuwa wazi, haina mtu. Nikaingia nikatazama nyuma ya mlango. Swichi ilikuwa imezimwa. Solotepu ilikuwa imebanduliwa taratibu, imekunjwa mara nne, imewekwa juu ya dirisha, kama mtu anayekunja kitambaa cha altare.

Niliiwasha swichi. Nikaichukua ile solotepu nikaitia mfukoni. Nilifanya hivyo kabla sijafikiri, na nilipofikiri sikuirudisha.

Tulimtafuta siku mbili. Alipatikana Alhamisi na watu waliokwenda kukata majani ya ng'ombe bondeni, ng'ambo ya mto. Hakuwa ameumizwa na mtu. Alikuwa amelala ubavu kwenye majani, shati limefungwa mpaka shingoni. Mvua na baridi ya usiku vilitosha.

Msibani nilikaa nyuma na wapasua kuni. Mama Kunegunda aliketi kwenye mkeka katikati ya wanawake wa jumuiya yake, na kila aliyekuja kumpa pole alimweleza kwa sauti ile ile, "Umeme ulikatika. Kama si umeme ningemwona." Jioni ya pili Mzee Bakili alikuwa karibu akasikia. Hakuwa na nia mbaya, alisema tu kama mtu anayekumbuka. "Jumanne? Jumanne umeme ulikuwepo, mama. Mimi nilipiga pasi sare za shule mchana kutwa."

Mama akainua macho akanitafuta kule kwenye kuni mpaka akaniona. Mimi nikainama nikashika shoka.

Tulipomaliza arobaini alinipigia. Asumpta alikuwa amekuja kumchukua, wanahamia Dodoma, nije nitoe kamera. Mara hii hakuniuliza kama nimekula. Nilikwenda na ngazi mpya. Nilimkuta kibarazani, kwenye kiti cha mzee, amevaa nguo nyeusi, simu mapajani. Asumpta alikuwa ndani anafunga mizigo.

"Kabla hujapanda, kaa," alisema.

Nikakaa kwenye ukingo wa kibaraza. Akabonyeza simu. Asumpta alikuwa amemtolea kwa simu yaliyobaki kwenye memori kadi ya kamera. Ilikuwa asubuhi ile, kama saa tatu. Geti linaonekana, kuku anapita, kiti kiko kitupu. Mzee haonekani, ila anasikika kutoka ndani, anatembea, swichi moja inalia, kisha nyingine. Kisha sauti yake karibu kabisa, ya mtu asiye na wasiwasi: "Haya, nendeni na amani." Kisha giza.

Akaicheza mara moja tu. Akaweka simu kifudifudi.

Nilimweleza yote. Nilimweleza kwamba siku ya kwanza niliona namna mzee anavyozima taa nikaona aibu kusema. Kwamba Jumamosi nilikwenda Namtumbo. Kwamba aliponipigia sikuuliza swichi, na kwamba nilikuta solotepu dirishani nikaificha, nikamwacha aseme umeme mbele ya watu. Mimi si mtu wa maneno mengi, na sikumbuki kama nimewahi kusema mengi hivyo kwa mtu mmoja. Nilimwambia, "Mama, ungenilaumu mbele yao wangekuelewa."

Alikuwa anatazama geti. Nikainuka, nikapanda ngazi, nikaizungusha ile balbu ikatoka, nikaifuta vumbi kwa shati langu, nikashuka nikamkabidhi. Akaipokea kwa mikono miwili. Asumpta akamwita kutoka ndani, gari la kubeba mizigo limefika. Mama akashika nguzo akasimama, akanisogelea mpaka karibu, akasema kwa sauti ndogo ili binti yake asisikie.

"Uliposema umeme umekatika, mwanangu, mimi nilifurahi. Nilisema moyoni, leo angalau nitalima bila kutazama simu."